Toka Majini Wewe! Maswali Yenu Kuhusu Sinema za Wanyama Wauaji

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu sinema za papa, mamba, simba na wadudu wanaoua watu. Barua nyingi zilianza kwa kuomba radhi, kana kwamba kuzipenda ni kosa. Majibu yameandikwa na waandishi wetu wa safu ya sinema, ambao wanazipenda na wanajua zinavyotengenezwa.

SWALI: Mimi ni mhasibu, nina familia na nasoma vitabu vya maana. Lakini Ijumaa usiku watoto wakishalala, naangalia papa anavyokula watalii. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya kibanda umiza. Kwa nini napenda kitu ambacho mwenyewe najua ni upuuzi? – Mhasibu, Dodoma

JIBU: Dada, huna haja ya kujificha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti uliofanyika ndani ya nyumba ya burudani ya kutishana. Watu 110 walifungwa vipimo vya mapigo ya moyo, wakapita humo huku wakirekodiwa. Ilionekana kwamba raha hupanda pamoja na hofu mpaka kiwango fulani. Hofu ikivuka hapo, raha inashuka. Hofu ikiwa ndogo unasinzia, ikizidi unataka kutoka.

Mnyama wa sinema anakaa vizuri pale katikati. Muuaji binadamu anaweza kufanana na jirani, mpangaji au shemeji, na ukishazima televisheni bado unakwenda kukagua komeo la mlango. Papa hafiki Dodoma. Hana kinyongo nawe, hakudai, halipizi kisasi. Ana njaa tu, na njaa yake inaishia maji yanapoishia. Mtazamaji anaijua mipaka hiyo kuliko wahusika wenyewe, ndiyo maana unajikuta unapiga kelele sebuleni: "Toka majini wewe!" Kuijua kanuni kabla ya anayeliwa ni nusu ya utamu.

Nusu nyingine ni watu. Karibu kila sinema nzuri ya aina hii ina mkubwa, mara nyingi meya, anayekataa kufunga ufukwe kwa sababu msimu wa watalii umefika, ina mtaalamu asiyesikilizwa, na ina mtoto wa watu anayelipia uamuzi huo. Mtu mzima aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anamwelewa yule meya haraka kuliko kijana yeyote. Mwambie mume wako akae nawe siku moja amtazame meya tu, papa amwache.

Upuuzi tunauona pale sinema inapovunja kanuni iliyojiwekea yenyewe. Mamba wa mtoni akianza kukimbiza gari kwenye lami, hofu inakufa na kinabaki kicheko. Kicheko nacho kina wateja wake, lakini usikichanganye na kile kinachokufanya uinue miguu kwenye kochi.

SWALI: Nimeangalia Jaws ya mwaka 1975 kwa sababu kila mtu anaisifu. Papa mwenyewe hajitokezi sawasawa mpaka imebaki theluthi moja. Sasa sifa zinatoka wapi? – Kijana wa Kigamboni

JIBU: Sifa zinatoka hapohapo ulipolalamikia, na chanzo chake ni mtambo ulioharibika.

Mkurugenzi Steven Spielberg alikuwa na papa watatu wa mitambo, wenye urefu wa zaidi ya mita saba, waliotengenezwa chini ya fundi Robert Mattey. Mmoja alikuwa wa kuvutwa majini. Wawili walikuwa wa upande mmoja mmoja: ngozi upande unaotazama kamera, vyuma na mabomba wazi upande wa pili, huyu wa kupita kutoka kushoto, yule kutoka kulia. Misuli yao ilikuwa hewa iliyosukumwa kwenye mabomba. Majaribio yalifanyika kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha mitambo ikapelekwa Atlantiki halisi, kisiwani Martha's Vineyard. Chumvi ikala vyuma, ngozi ikafyonza maji ikavimba, na papa mmoja akazama moja kwa moja. Kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua siku 159, na bajeti ya takriban dola milioni 4 ikafika takriban milioni 9.

Mkurugenzi asiye na papa ilimbidi atafute vitu vingine vya kubeba hofu. Mapipa ya njano ndiyo mfano unaokumbukwa zaidi: wawindaji wanamchoma papa kwa chusa lililofungwa pipa, na kuanzia hapo pipa linalokata maji ndilo papa wako. Sisi tungekuomba urudie tukio la gati. Wanaume wawili wanatupa chambo cha nyama kilichofungwa mnyororo kwenye gati la mbao usiku. Kitu kinavuta. Gati linakatika, mmoja anatumbukia, na kipande kikubwa cha mbao kinaburutwa kwenda kilindini. Kisha kinasimama. Kinageuka. Kinaanza kumfuata yule anayeogelea kurudi nchi kavu. Hakuna jino wala pezi hata moja kwenye picha, ni mbao zinazoelea tu, na bado mtu anashika mdomo. Hapo mtazamaji ndiye anayemchora papa kichwani mwake, na hakuna fundi anayeweza kushindana na mchoro huo.

Verna Fields, mhariri wa picha, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Mtambo uliopigwa picha muda mrefu unajulikana ni mpira. Ukikatwa mapema, jicho halipati muda wa kukagua.

Sinema nyingi za sasa zinamwaga mnyama wa kompyuta dakika ya kumi. Ukitaka kujua kama mnyama huyo amefanyiwa kazi, usimtazame yeye, tazama maji. Mwili wa tani moja ukijitupa, maji lazima yasukumwe, yainuke, yarudi. Yakibaki yanacheza vilevile kama awali, mnyama amebandikwa juu ya picha, na mwili wako utalijua hilo hata kama hujui kulieleza.

SWALI: Nikizima sauti, hofu inaisha kabisa. Je, ni muziki tu unaotutisha? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Muziki una sehemu yake, ila kinachofanya kazi zaidi ni uaminifu wa muziki. Katika Jaws, John Williams alitumia noti mbili jirani, E na F, zinazorudiwa na ala nzito huku kasi ikiongezeka. Sinema inakufundisha kwamba noti hizo zikilia, papa yupo. Halafu watoto wawili wanawatisha waogaji kwa pezi la boksi, na noti hazilii. Sinema imekuambia ukweli mapema, wewe hukusikia kwa sababu ulikuwa unaogopa. Baadaye, ukishaziamini noti zile, papa anatoa kichwa nyuma ya mashua mtu akitupa chambo, bila onyo lolote. Kilichokurusha kwenye kiti pale ni ukimya.

The Birds ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1963, haina muziki wa kawaida kabisa. Milio ya ndege ilitengenezwa kwa ala ya umeme na Oskar Sala, Berlin. Katika tukio la uwanja wa shule unasikia watoto wakiimba darasani tu, wimbo wenye beti zisizokwisha, huku kunguru wakikusanyika mmoja mmoja nyuma ya mwanamke anayevuta sigara.

Kwa nyumbani: spika za televisheni bapa hazitoi sauti nzito, kwa hiyo nusu ya kazi ya mtunzi haikufikii. Sabufa ndogo sakafuni, karibu na kona ya ukuta, inaongeza uzito. Kona ikizidi kuvuma isogeze nusu mita. Kama huna, vaa spika za masikioni. Zima pia mpangilio wa televisheni unaosawazisha sauti kubwa na ndogo, maana huo ndio unaoua ukimya. Na zile nakala zenye msimulizi wa Kiswahili, kama za DJ Afro, zina raha kubwa ya kicheko na kundi, ila msimulizi hujaza kila nafasi ya ukimya. Angalia ya asili kwanza, ya msimulizi iwe ya pili.

SWALI: Nimezaliwa Voi. Ile sinema ya simba wa Tsavo ina ukweli kiasi gani? – Mzee wa Reli

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 ina mifupa ya kweli na nyama nyingi ya kubuni.

Kweli ni kwamba mwaka 1898 ujenzi wa daraja la reli kwenye mto Tsavo ulisumbuliwa na simba dume wawili, na wengi wa wafanyakazi walikuwa wametoka India. John Henry Patterson aliwaua tarehe 9 na 29 Desemba mwaka huohuo. Mwindaji Mmarekani anayeigizwa na Michael Douglas hakuwepo, amebuniwa. Sinema yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya marefu shingoni, kwa sababu simba waliofunzwa waliopatikana walikuwa hivyo, wakati wale wawili hawakuwa nayo, kama madume wengi wa Tsavo.

Idadi ya waliouawa ndiyo inayobishaniwa. Shirika la reli lilitaja 28, Patterson baadaye akasema 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizobaki kwenye mifupa na nywele za simba hao, wakakadiria watu 35 hivi: mmoja alikula kama 24, mwenzake kama 11. Patterson alitandika ngozi zao sakafuni kwa robo karne, kisha akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Ziko huko mpaka leo, zimejazwa na kusimamishwa. Mwaka 2024 nywele zilizonasa kwenye meno yao zilipimwa vinasaba, zikaonekana za twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa na binadamu.

Tunalolijutia zaidi ni jino. Simba wa kwanza alikuwa na chonge iliyovunjika na jipu kwenye mzizi. Mnyama mwenye maumivu hayo hushindwa kung'ang'ania nyati, na mtu ni laini. Simba aliyeuawa Rufiji Aprili 2004, baada ya kuua zaidi ya watu thelathini, naye alikutwa na jipu kwenye gego. Sinema ikaacha ukweli huo ikachagua mashetani wenye umbo la simba.

Na kama kuna kijana anataka kuandika hadithi ya simba mla watu isiyofanana na za Hollywood, mali ipo kusini mwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, na wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Chanzo kinaanzia kwa nguruwe pori. Swala wakipungua, nguruwe huvamia mashamba. Mkulima huhamia shambani, analala kwenye dungu kulinda mahindi. Simba humfuata nguruwe na kumkuta mtu. Mashambulizi mengi ni Machi mpaka Mei, wakati wa mavuno. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, katika saa za giza kabla mwezi haujachomoza, kwa kuwa simba alikosa mawindo kwenye mwanga na sasa ana njaa. Sinema nyingi huweka shambulio chini ya mwezi uliojaa. Weka lako siku tatu baadaye, saa mbili usiku, mtu akiwa ndani ya dungu anasikia nguruwe wametulia ghafla.

SWALI: Huku Bujumbura kila mtu anamjua mamba Gustave. Kuna sinema kweli? – Msomaji, Burundi

JIBU: Ipo, Primeval ya mwaka 2007, iliyopigwa Afrika Kusini. Matangazo yake yaliificha habari ya mamba, yakauza hadithi ya muuaji wa mfululizo, na watazamaji wengi walikasirika walipomkuta mamba. Gustave wa kweli, mamba wa mto Ruzizi na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, alikadiriwa kufika mita sita. Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma, na filamu ya maelezo kuhusu jaribio hilo ilitoka 2004. Mamba hakuingia. Mara ya kwanza alidhaniwa ana miaka mia, lakini mamba wa umri huo angekuwa amepoteza meno mengi, na yeye alionekana anayo, hivyo makadirio yakashuka. Tunashauri uanze na filamu ya maelezo: kizimba kitupu kinatisha kuliko mamba wa kompyuta.

SWALI: Mbwa anayetoa povu kwenye Cujo, waliwezaje kumfanya awe mkali vile? Waliwatesa? – Mfuga Mbwa, Arusha

JIBU: Cujo ya mwaka 1983 ilitumia mbwa kadhaa wa aina ya St. Bernard, na shida yao ilikuwa furaha. Walifunzwa kushambulia gari kwa mchezo, kwa hiyo mikia ilikuwa inatikisika muda wote. Ilibidi mikia ifungwe chini. Povu lilikuwa ute wa yai na sukari, nao waliendelea kulilamba kabla kamera haijawaka. Kwa matukio ya nguvu alitumika pia mtu aliyevaa ngozi ya mbwa.

Uangalizi wa wanyama kwenye sinema za Marekani ulianza mwaka 1940, baada ya farasi kufa akirushwa kwenye genge katika sinema ya 1939. Ndipo shirika la American Humane lilipopewa kazi hiyo. Njia nyingine ni kuchagua mnyama asiye na madhara mwenye sura ya kutisha. Arachnophobia ya mwaka 1990 ilijaza nyumba buibui wakubwa kutoka New Zealand ambao ni wapole kwa binadamu.

Kwa kuwa unafuga mbwa: kichaa cha mbwa si cha sinema. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo. Usisubiri povu.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita aliona sinema ya papa kwa binamu zake. Sasa haingii hata kwenye beseni la kuogea. Nimemweleza mara nyingi kwamba si kweli, haelewi. – Mama, Tanga

JIBU: Mama, pole. Maelezo yako ni mazuri, ila umri bado. Mtafiti wa Marekani Joanne Cantor, aliyesoma hofu za watoto kwa miaka mingi, anaonyesha kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hivi hutishwa na sura ya kitu, na maneno "si kweli" hayamfikii. Kinachomfikia ni mwili: kuwa karibu nawe, kushikwa, kinywaji cha vuguvugu, mdoli wake mkononi.

Beseni lirudishe taratibu. Siku mbili tatu mwogeshe kwa kopo akiwa amesimama nje yake. Kisha weka maji ya kimo cha vidole viwili, yasiyo na povu, ili aone sakafu ya beseni. Mpe vikombe achezee. Ongeza maji akiomba mwenyewe. Kinachoharibu kazi ni kumcheka, kumlazimisha mara moja, au kumwonyesha ile sinema tena ili "azoee". Binamu nao waambiwe waache kuimba zile noti mbili.

Kuanzia miaka minane au tisa mambo hubadilika, na hapo ukimwonyesha picha za papa wa chuma akiwa juu ya jukwaa na mafundi wamemzunguka, hofu hugeuka udadisi. Alama za umri zipo kwa sababu: Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hutumia GE kwa wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Sinema ya PG ya zamani inaweza kuwa na damu kuliko unavyodhani, kwa hiyo iangalie kwanza peke yako.

SWALI: Niko Mwanza, nina simu nzuri, marafiki wanne na fedha kidogo. Nataka kutengeneza filamu fupi ya mamba. Nianzeje? – Mtengeneza Filamu

JIBU: Anza kwa kukataa kutengeneza mamba mzima. Kinachoonekana juu ya maji ni pua, macho na kipande cha mgongo, na hicho kinatosha.

Kichwa cha mamba ni kama sehemu moja ya saba ya urefu wake. Ukitaka mamba wa mita nne, kichwa kiwe sm 57. Chukua lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, bapa lenye unene wa sm 5, ulikate liwe pana sm 25 nyuma na sm 12 mbele. Juu yake gundisha vinundu viwili vya macho na kimoja cha pua. Gundi iwe nyeupe ya mbao: gundi ya viatu na rangi ya kopo la kupuliza huyeyusha povu hilo mbele ya macho yako. Paka rangi ya maji ya ukutani, nyeusi iliyochanganywa na kijani na kahawia, mikono miwili, na kabla ule wa pili haujakauka nyunyizia mchanga laini.

Povu litaelea juu mno, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mamba wao anaonekana kama boya. Funga mawe chini yake kwenye wavu. Anza na kilo 5, ongeza kidogo kidogo mpaka sm 2 tu za bapa zibaki juu. Usipime uzito nchi kavu ukadhani umemaliza, maana jiwe likiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake.

Ili asogee, zamisha tofali lenye pete ya chuma upande wa kamera. Mshipi wa kuvulia utoke tumboni mwa kichwa, upite kwenye pete, uende kwa mvutaji aliye ukingoni nyuma ya kamera. Ukiufunga kwenye ncha ya pua, kichwa kitapiga mbizi. Vuta sm 20 kwa sekunde, bila kushtuka. Mkono ukicheza, mamba anakuwa wa kuchezea watoto.

Macho ya mamba usiku huwaka mekundu kwenye tochi. Tumia stika nyekundu za kuakisi zinazobandikwa kwenye malori, vipande viwili vya duara vya sm 1.5. Stika hizo hurudisha mwanga palepale ulipotoka, kwa hiyo tochi lazima iguse simu, karibu kabisa na lenzi. Ukimpa mwenzako tochi asimame mita mbili pembeni, kamera haitaona kitu.

Simu iwekwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa hazitameremeta kwenye picha. Funga mwanga usijirekebishe wenyewe, la sivyo giza lako litageuka kijivu. Lenzi iwe sentimita chache juu ya maji. Ukipiga picha kutoka kimo cha mtu aliyesimama, hofu yote inapotea. Huko Mwanza, karibu na ikweta, mwanga mzuri baada ya jua kuzama haudumu hata nusu saa, kwa hiyo mazoezi yote yaishe saa kumi na mbili kamili.

Damu: mililita 250 za glukosi nzito ya waoka keki, vijiko vitatu vya maji, kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, na kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu ili isifanye madonge. Bila kakao, damu itakuwa ya waridi. Huvutia sisimizi na haitoki kwenye shati jeupe. Usiimwage bwawani, piga picha ya karibu ndani ya beseni jeusi.

Sauti ifanyike baadaye. Rekodi dakika moja ya vyura na wadudu wa eneo hilo, kisha wanyamazishe sekunde mbili kabla ya shambulio. Mfupa ni kabeji inayovunjwa ndani ya kitambaa kilicholowa.

Na tafadhali, usipige filamu hii ziwani. Mamba na viboko wa kweli wapo, na kichocho kipo. Tafuta bwawa la kuogelea, tandika plastiki nyeusi, weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia mwigizaji tu, na mwigizaji asifungwe kamba yoyote akiwa majini. Vibali uliza Bodi ya Filamu Tanzania kabla ya kuanza kupiga picha.

SWALI: Sisi wavuvi wa kisiwa cha Mafia tunawaona papa potwe kila msimu. Wageni wengine wanaogopa kwa sababu ya sinema. Je, sinema zimewaponza papa? – Mvuvi

JIBU: Ndugu, zimechangia woga. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa Jaws, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa, na Spielberg alisema hadharani mwaka 2022 kwamba anajuta papa walivyoangamizwa. Lakini mwuaji mkubwa ni uvuvi: papa na samaki aina ya taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018. Watu wanaouawa na papa duniani kwa mwaka kwa kawaida hawafiki kumi na watano. Potwe wenu hula vijidudu vya majini na samaki wadogo. Waambie wageni kuanzia Oktoba mpaka Machi wakae mita tatu mbali naye, wasimguse, na wauache mkia peke yake, maana huo ndio unaoweza kuumiza.

SWALI: Sijawahi kuangalia hata moja. Nianzie wapi? – Mgeni wa Fani

JIBU: Anza na Jaws, usiku, simu ikiwa chumba kingine. Fuatisha The Birds. Saa yake ya kwanza ni ya polepole, vumilia mpaka uwanja wa shule. Arachnophobia ni ya kuangalia na watu, kwa sababu mtapiga kelele na kucheka dakika hiyohiyo. Ukitaka ya sasa, Crawl ya mwaka 2019 haifiki dakika tisini na kanuni yake ni moja: kimbunga kimefika Florida, maji yanapanda ndani ya nyumba, na mamba wanaingia nayo. Open Water ya 2003 iache ya mwisho. Papa wake ni wa kweli, waigizaji walikuwa majini pamoja nao, na haina mzaha hata mmoja. Zile za papa wanaorushwa na tufani zisubiri mpaka uwe umeziona hizo tano, na uwe na wageni wasiopungua watatu sebuleni.